Joto la Nyumba Huwashwa Lini?

Yapo maswali ambayo lugha huzaliwa nayo kwa kuwa wasemaji wake wameyaishi tangu jadi, na yapo mengine ambayo lugha huyapokea ukubwani. Miongoni mwa haya ya pili ni swali ambalo kila mwaka, kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba, huulizwa katika mamilioni ya nyumba za Ulaya: je, joto la nyumba liwashwe lini? Mkazi wa Mombasa au Lamu ana haki ya kulistaajabia swali hili. Katika majira ya Pwani, Oktoba ni mlango wa vuli, yaani mvua chache zinazotangulia kaskazi. Kipupwe kimekwisha kupita na jua limeanza kurejesha ukali wake. Hata hivyo, wafasiri walipotafuta jina la majira ya Ulaya ambapo majani hupukutika, wengi wao waliliazima neno lilo hilo, vuli. Basi neno likawa moja na hali zikawa mbili zinazopingana: vuli ya Mombasa huwafanya watu wafungue madirisha, nayo vuli ya Leeds huwafanya wayafunge.

Insha hii haikusudii kuusuluhisha mgogoro huo wa istilahi. Nia yake ni kulitazama swali lenyewe, kwa sababu limekwisha kuwa swali la Waswahili na la Wakenya pia. Julai 2021, serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza. Februari 2022, Uingereza iliwafungulia mlango wa viza hata wahudumu wa kawaida wanaowatunza wazee majumbani, mlango ambao ulifungwa tena Julai 2025 kwa wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Katika kipindi hicho, Wakenya walioingia nchini humo kwa njia hiyo hawakukutana na baridi yao wenyewe tu, bali pia na baridi ya wazee waliokabidhiwa kuwatunza.

Ni vyema kwanza kueleza jinsi nyumba hizo zinavyopashwa joto. Nyumba nyingi za Uingereza zina boila inayotumia gesi. Boila hupasha maji moto, nayo maji husukumwa katika mabomba hadi kwenye vipasha-joto vya chuma vilivyofungwa ukutani, aghalabu chini ya madirisha. Kidhibiti kidogo hupangwa nyuzi zinazotakiwa, na boila huwaka na kuzimika yenyewe kuzifuata. Kazi ya mkono, kwa hivyo, ni ndogo mno: ni kugeuza kidude kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kazi ya moyo ndiyo nzito. Maana tangu dakika kinapogeuzwa, mita huanza kuhesabu, na haitaacha kuhesabu hadi Aprili.

Ndiyo maana watu wamejiwekea kanuni za kuwasaidia kusubiri. Wapo wasemao kwamba joto haliwashwi kabla ya saa kurudishwa nyuma, jambo linalofanyika Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wapo wanaoitaja tarehe 1 Novemba. Wapo wanaosema kwamba mtu avae sweta la pili kwanza, na likishindwa ndipo azungumze habari za boila. Kanuni hizi hutajwa kwa majivuno kidogo, kama vile mtu anavyojisifu kwa kufunga sunna. Anayewasha Septemba huonwa kuwa mlegevu, naye anayevumilia hadi Novemba huonwa kuwa mtu wa shoka.

Hata hivyo, majivuno hayo yamefichiwa ndani yake jambo lisilo la majivuno hata kidogo, nalo ni bei. Katika majira ya baridi ya 2021, kikomo cha bei ya nishati kilichowekwa na mdhibiti kiliifanya nyumba ya matumizi ya wastani ilipe pauni 1,277 kwa mwaka. Kufikia Aprili 2022 kiwango hicho kilikuwa pauni 1,971, na baada ya Urusi kuivamia Ukraine na bei ya gesi kufumka, kilitangazwa kuwa pauni 3,549 kuanzia Oktoba 2022. Serikali iliingilia kati na kukizuia kisizidi takribani pauni 2,500 kwa nyumba kama hiyo. Bei ilishuka baadaye, lakini Oktoba 2024 bado ilikuwa pauni 1,717. Aliyezoea kusubiri kwa hiari akajikuta anasubiri kwa lazima, na kwa kuwa sweta ni lile lile, jirani hakuweza kuitambua tofauti.

Fauka ya hayo, mwili una kanuni yake isiyosoma kalenda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, lilipendekeza kwamba katika majira ya baridi joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, na kwamba wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Sababu zinaeleweka. Baridi hubana mishipa, shinikizo la damu hupanda na damu yenyewe huwa nzito, hivi kwamba moyo na ubongo huwa hatarini, seuze mapafu. Balaa kubwa zaidi ni kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo uwezo wake wa kuhisi baridi unavyofifia. Yule anayehitaji joto kuliko wote ndiye anayeweza kusema, tena kwa unyofu kabisa, kwamba haoni baridi.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama hali ya mhudumu mmoja, binti wa Limuru, aliyekuwa akifanya kazi mjini Leeds Oktoba 2024. Limuru si mahali pa joto. Alfajiri ya Julai nyuzi huweza kushuka hadi 10 au chini yake, na ukungu hukaa juu ya majani chai hadi saa nne. Aliwahi kudhani kwamba anaijua baridi. Lakini baridi ya Limuru hutoka nje ikaingia ndani, na jua la adhuhuri huifukuza. Moto wa nyumbani kwao haukuwa jambo la kuamuliwa. Uliwashwa kwa sababu watu lazima wale, na joto lilikuja kama baraka ya ziada pamoja na githeri. Na kama kuna uamuzi ambao mama yake aliukazania, ulikuwa ule wa kutoingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu wala haibishi hodi. Leeds alikuta baridi ya namna nyingine. Nyumba za safu za matofali mekundu, zilizojengwa zaidi ya karne moja iliyopita, nyingi zina kuta zisizo na uwazi katikati wa kuzuia joto lisipotee. Kuta hizo zikishapoa huwa kama jiwe la kisimani, na hazipati adhuhuri ya kuzinusuru.

Miongoni mwa aliowahudumia alikuwamo bikizee wa miaka 84 aliyeishi peke yake. Bikizee alitaka aitwe kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi ya kwao. Binti alijaribu na ulimi ukagoma, kwani alikolelewa mtu wa rika hilo huitwa cucu. Baada ya kuelezwa maana ya neno, bikizee alicheka, akalikubali, na tangu siku hiyo akawa Cucu. Ziara zilikuwa mbili kwa siku, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni: kumwogesha, kumvisha, kumpa dawa, kumwandalia chakula, kuandika taarifa na kuondoka.

Wiki ya pili ya Oktoba, kipimajoto cha sebuleni kilionyesha nyuzi 14. Cucu aliketi karibu na dirisha, sweta mbili mwilini, blanketi mapajani na chupa ya mpira ya maji moto tumboni.

"Cucu, tuwashe joto?"

"Bado mapema, mpenzi. Saa hazijarudishwa nyuma."

Siku ya pili jibu lilikuwa lilo hilo, na siku ya tatu vivyo hivyo. Binti aliwaarifu wakubwa wake, nao walimjibu kama sheria inavyotaka: mshauri, andika, usimlazimishe. Sheria ya mwaka 2005 inayohusu uwezo wa mtu kujiamulia inasema wazi kwamba mtu asihesabiwe kuwa hawezi kuamua eti kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Cucu alikuwa na akili timamu. Nyumba ilikuwa yake, bili ilikuwa yake, na baridi nayo, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa yake. Binti aliiona busara ya sheria hiyo, kwani hakupenda kumfikiria mama yake mzazi akiamuliwa mambo na mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Lakini aliziona pia kucha za Cucu zilizokuwa zikigeuka rangi ya zambarau.

Kwamba Cucu hakuwa anasubiri saa tu, hilo lilijulikana kidogo kidogo. Tangu mwaka 1997 serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwapa wastaafu ruzuku ya kupashia nyumba joto kila majira ya baridi. Kwa mtu wa umri wake ilikuwa pauni 300. Julai 2024, serikali mpya ilitangaza kwamba ruzuku hiyo ingebaki kwa wale tu wanaopokea misaada fulani ya watu wa kipato cha chini, na takribani wastaafu milioni 10 wakaikosa. Pensheni ya Cucu ilikuwa imepita mstari huo kwa pauni chache kwa wiki. Mwaka uliofuata, 2025, serikali iligeuza uamuzi wake na kuirejesha ruzuku kwa wastaafu wote ambao mapato yao hayazidi pauni 35,000 kwa mwaka. Lakini baridi ya Oktoba 2024 haikujua habari za 2025. Cucu alikuwa amefanya hesabu zake kwa kalamu nyuma ya bahasha, na hesabu zilimwambia Novemba.

Hesabu hizo hazikuvunjwa na hoja. Zilivunjwa na mkono. Asubuhi ya siku ya nne, binti alipokuwa akimfunga vifungo, Cucu alishtuka.

"Mikono yako ni barafu."

"Nisamehe, Cucu. Nimejaribu kuipasha kwa maji."

"Na mbona hujavua koti?"

Binti hakujibu. Cucu alimtazama kwa muda, uso wake ukabadilika kama wa mwenyeji aliyegundua kwamba mgeni ameketi muda wote huo bila kupewa hata maji ya kunywa. Akanyanyuka kwa mkongojo, akaenda mwenyewe ukumbini na kukigeuza kidude. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili, mabomba yakaanza kugongagonga.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii aghalabu hufafanuliwa darasani kwa mfano wa kuku anayechinjwa: mgeni anapofika, wenyeji nao hupata kitoweo ambacho wasingejichinjia. Maana hiyo ni sahihi, lakini tukio la Leeds linaonyesha undani wake zaidi. Wapo watu wengi, hasa wa kizazi kilicholelewa katika uhaba, wasioweza kujitendea wema wenyewe bila kuona haya. Kujiwashia joto ni anasa, kumwashia mgeni ni adabu. Mgeni huwapa ruhusa ambayo wao wenyewe hawangethubutu kujipa. Na neno "apone" katika methali si la mchezo, kwani katika chumba cha nyuzi 14, mwenye miaka 84 huponywa kwelikweli.

Hata hivyo, dawa hiyo ilikuwa ya nusu saa. Siku zilizofuata binti alikuta nyumba ina uvuguvugu kila alipofika, na mwanzoni alifurahi. Kisha akang'amua, kwa kugusa kuta, kwamba Cucu huwasha robo saa kabla ya ziara na kuzima mlango unapofungwa. Joto lilikuwa la mgeni tu. Mwenyeji alirudi kwenye blanketi lake mara mgeni anapoondoka, nazo kuta zikapoa upya, hata ikawa gesi inayochomwa asubuhi ni ya kupasha matofali na si ya kupasha mwili. Hapo binti alianzisha mazungumzo ya aina nyingine. Hakumwambia Cucu kwamba anakosea. Alimwomba wazitazame hesabu pamoja. Vipasha-joto vya vyumba visivyotumika vikafungwa, mlango wa sebule ukawa unafungwa, na kidhibiti kikawekwa nyuzi 18 tangu asubuhi hadi saa ya kulala, kwa ajili ya chumba kimoja ambamo mtu mmoja anaishi. Bahasha ikapata hesabu mpya. Cucu aliitia sahihi yake chini, kwa mzaha, kama mkataba wa nchi mbili. Uamuzi ulibaki kuwa wake, ila sasa haukuwa wa upweke.

Ingekuwa vizuri kama hadithi ingeishia hapo, lakini binti wa Limuru naye alikuwa na mahali pa kulala. Alipanga nyumba pamoja na Wakenya wengine wawili, na mwezi wa Septemba watatu hao walikuwa wamekubaliana kwamba joto halitawashwa hadi tarehe 1 Novemba. Sababu zilikuwa za heshima. Kila mmoja alikuwa na watu nyumbani wanaomtegemea: karo ya ndugu, dawa za mzazi, deni la wakala aliyewapeleka. Mita yao ilikuwa ya kulipia kabla, mithili ya tokeni za umeme zinazojulikana Kenya, lakini yenye hila moja: kuna ada ya kila siku inayohesabiwa hata gesi isipotumiwa. Walikuwa wameitelekeza mita ya gesi tangu Juni, kwa kuwa walipika na kuoga kwa umeme. Kwa hivyo pauni za kwanza watakazotia vuli zingemezwa na deni la kiangazi kabla hata maji hayajapata uvuguvugu.

Mmoja wa wale watatu alikuwa na pumu. Ndiye aliyekuwa mgeni zaidi nyumbani humo, na ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote kusema kwamba yeye baridi haimsumbui. Usiku alisikika akikohoa kupitia ukuta. Asubuhi alisema ni mafua.

Jumapili moja baada ya chakula, binti aliuliza kama wanaweza kulifungua upya shauri la Novemba. Mwenzao wa tatu, mtu mwenye afya ya punda na kijana wa mwisho shuleni, alipinga. "Dada, tulikubaliana watatu," alisema. "Na wawili kati ya watatu bado tunaweza kuvumilia." Hoja hiyo ilikuwa na sura ya haki, kwani ilikuwa na kura ndani yake. Ubovu wake ni kwamba vifua viwili vizima haviwezi kukipigia kura kifua cha tatu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye mapafu mazima hamjui mwenye pumu, hata wakila sahani moja. Mjadala ulikuwa mrefu na kwa dakika chache ulikuwa mchungu, kwa kuwa mwenye pumu aliona haya kuwa sababu ya gharama na nusura aondoke mezani. Mwishowe waliwasha tarehe 20 Oktoba, siku 12 kabla ya miadi, na chumba cha mwenye pumu kikawa cha kwanza.

Uamuzi huo haukuwa wa bure. Deni la mita lilimeza lililomeza. Januari iliyofuata karo iliyopelekwa Kenya ilikwenda kwa mafungu mawili badala ya moja, na mtoto mmoja alirudishwa nyumbani kwa siku tatu. Ni lazima jambo hili lisemwe, kwa sababu wanaoshauri kwamba watu wawashe joto mapema husahau mara nyingi kwamba kila nyuzi inayoongezwa chumbani hupunguza kitu mahali pengine, pengine bara jingine kabisa. Hakuna hesabu isiyomgusa mtu. Kilichobadilika ni kwamba siku tatu za shule hufidiwa, ilhali pumu ya usiku mmoja huweza kuwa na gharama isiyolipika.

Kwa mtazamo huu, swali la lini joto liwashwe lina mabwana watatu. Wa kwanza ni kalenda, nayo ina faida ya kuwa haipendelei mtu, ila haina ngozi. Wa pili ni mfuko. Huyu ana haki ya kusikilizwa, lakini ana tabia ya kuvaa nguo za ushujaa, akaita uvumilivu kile ambacho ni ufukara. Wa tatu ni mwili. Lakini mwili wa nani? Ugomvi mwingi unaozuka kila Oktoba hutokana na kila mtu kuupima ubaridi wa nyumba kwa mwili wake mwenyewe, na aghalabu mwenye mwili wa chuma ndiye mwenye sauti kubwa zaidi. Kanuni iliyo salama ni kwamba nyumba ipimwe kwa aliye dhaifu kuliko wote ndani yake, awe ni mzee, mtoto au mwenye kifua, tena ipimwe kwa kipimajoto na si kwa kauli yake, kwa maana wanyonge wana hulka ya kusema kwamba hawajambo. Aishiye peke yake ana kibarua kigumu zaidi, kwa kuwa ndiye mnyonge na ndiye mwenye sauti, naye hana budi kujikaribisha nyumbani mwake kama ambavyo angemkaribisha mgeni.

Wanafunzi wa Kiswahili wana neno la kuchangia katika jambo hili, zaidi ya kubishana iwapo vuli ni vuli. Kila Septemba baadhi yao huondoka kwenda kusoma au kufundisha katika vyuo vya nchi za baridi, na wengi zaidi wana ndugu ambao wako huko tayari. Mswahili hajui kumsalimu mtu kwa neno moja. Huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, kisha huuliza kama mtu amekula. Simu inayopigwa Oktoba kwenda Leeds, Minneapolis au Berlin haina budi kuongezewa salamu nyingine: mmeshawasha joto? Na jibu likiwa ni "bado, tunavumilia tu," aliye upande wa pili asilipokee kama majibu ya desturi. Aulize tena, amuulize ni nyuzi ngapi chumbani, na kama kuna mtu anayekohoa usiku.